Kinywe chetu cha Ruangwa kinaweza kutengenezea leza ya mapigo mafupi?

Mwalimu_Ruangwa:

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Ruangwa, Lindi. Mzazi mmoja aliyewahi kufanya kibarua cha kuchimba mashimo ya utafiti upande wa Nachu alituletea mfuko wa kinywe (grafaiti) shuleni. Si unga, ni vipande vya mawe ya kijivu vyenye magamba yanayong'aa. Ukivishika vidole vinabaki vyeusi na vinateleza. Niliutumia mfuko ule kufundishia jinsi kaboni inavyojipanga: almasi imeshikana pande zote, kinywe kimelala matabaka matabaka.

Kijana mmoja wa kidato cha sita akaja na makala aliyoisoma kwenye simu. Inasema ukikibandua kinywe mpaka libaki tabaka moja la atomu, ukaliingiza ndani ya mzunguko wa faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga), leza iliyokuwa inawaka mfululizo inaanza kutoa mapigo ya mwanga, na kila pigo ni fupi kuliko sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Darasa zima sasa linataka maelezo, na mimi nataka kuwapa maelezo ya kweli, siyo ya kuwanyamazisha.

Kinachonitatiza ni hiki. Kitu cheusi kama kinywe kinapitishaje mwanga, na kinajuaje kuupitisha mwanga mkali na kuuzuia ule hafifu? Kwa nini lazima kiwe chembamba kiasi hicho? Na je, kinywe kilichotoka ardhini kwetu kinafaa, au lazima kiwe cha kutengenezwa maabara? Mzazi naye ana swali lake, nalileta kama alivyoliuliza: "Mwalimu, hii kazi ya leza ina soko la kinywe?"

Fundi_Faiba_Mtwara:

Mwalimu, mimi naunga faiba, nipo Mtwara mjini. Hilo la kuweka kinywe kwenye faiba limenishtua kidogo. Kwetu sisi uchafu kwenye konekta, kile kiungio cha faiba, ndio adui namba moja. Kabla sijachomeka konekta yoyote naipiga darubini kwanza, naangalia pale katikati, maana njia ya mwanga yenyewe ni kitu cha mikromita tisa tu. Punje moja ya vumbi ikikaa pale, upotevu wa mwanga unapanda, mteja anaanza kulalamika. Na kwenye laini zenye vikuzaji vya nguvu nimeona konekta iliyoungua pale katikati, imeacha shimo jeusi. Sasa mtu aweke kaboni kwa makusudi? Wataalamu watufafanulie.

Mmikindani:

Mwalimu shikamoo, na fundi nakusalimu. Nimekulia Mikindani, na kazi yangu ya kila siku ni kuunda leza za faiba, hizo hizo za mapigo mafupi. Kuona Ruangwa na kinywe vinatajwa kwenye swali la leza kumenipa furaha kubwa, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Tuanze na weusi. Tabaka moja la kinywe, ambalo ndilo linaitwa grafini, linafyonza asilimia 2.3 hivi ya mwanga unaolipitia, na kiwango hicho karibu hakibadiliki kuanzia mwanga tunaouona hadi ule usioonekana wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) ambao fundi anaufahamu kwenye laini zake. Tabaka moja si jeusi hata kidogo. Weusi unaletwa na wingi. Wape wanafunzi hesabu hii: kila tabaka linapitisha 0.977 ya mwanga, sasa wazidishe 0.977 kwa yenyewe mara mia moja. Watapata karibu 0.1. Yaani matabaka mia yanameza asilimia 90, na yote kwa pamoja unene wake ni kama nanomita 34. Gamba lako la Nachu likiwa na unene wa milimita moja lina matabaka karibu milioni tatu. Hapo hakuna kitakachopita, na leza yenyewe haitawaka.

Sasa habari ya "kujua". Grafini haijui chochote, inashiba tu. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ya nanomita 1550 ina nishati ya elektroni-volti 0.8. Ikimezwa, inairusha elektroni kutoka nafasi iliyo 0.4 chini ya mstari wa kati hadi nafasi iliyo 0.4 juu yake. Kanuni ya Pauli unaifundisha: elektroni mbili hazikai nafasi moja. Mwanga ukiwa hafifu, nafasi za juu ziko wazi na fotoni zinaendelea kumezwa. Mwanga ukija mkali na kwa mkupuo, nafasi za juu zinajaa na za chini zinabaki tupu, na fotoni zinazofuata hazina pa kuingia. Ni kama ghala la korosho msimu ukichanganya: malori ya mwanzo yanashusha mzigo, ghala likijaa yanayofuata yanapitiliza barabarani. Halafu nafasi zinafunguka upesi sana. Elektroni zinaanza kutawanyika upya ndani ya femtosekunde mia moja hivi, na kupoa kabisa kunachukua pikosekunde chache (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na femtosekunde ni sehemu moja ya elfu ya pikosekunde). Hiyo kasi ya kufunguka ndiyo inayotafutwa.

Ndani ya mzunguko mambo yanakwenda hivi. Chukua faiba ya mita kumi, iunge irudi ilikoanzia. Kipande chake kimoja kina erbiamu, metali inayokuza mwanga, na kinasukumwa na leza ndogo ya nanomita 980, ambayo tunaiita pampu. Ukizima taa za chumba utakiona kipande hicho kinatoa mng'ao wa kijani, hafifu lakini dhahiri. Mwanga ndani ya kioo unakwenda karibu kilomita 204,000 kwa sekunde, hivyo unaumaliza mzunguko huo mara milioni 20 na ushei kila sekunde. Mwanzoni ni vurugu, mwanga unapanda na kushuka ovyo. Ndani ya vurugu kuna kilele kimoja kilichowazidi wenzake kidogo. Kikifika kwenye utando wa grafini kinaushibisha zaidi kuliko vingine, kwa hiyo kinapoteza mwanga kwa kiwango kidogo kuliko vingine, wakati vilele vidogo vinakatwa. Kinarudi kwenye erbiamu kinakuzwa, kinapita tena kwenye utando. Tofauti ya mzunguko mmoja ni ndogo mno, ila mizunguko yenyewe ni mamilioni, na kufumba na kufumbua limebaki pigo moja linalozunguka. Kila likipita kwenye kigawanyio, sehemu yake inatoka nje.

Wanafunzi wapige na hesabu hii, mimi huwa naipenda. Leza yenye wastani wa miliwati moja ndani ya mzunguko, mapigo milioni 20 kwa sekunde: kila pigo lina pikojuli 50. Nishati hiyo ukiibana ndani ya femtosekunde 500 unapata kilele cha wati 100. Kwenye kiini cha faiba, kipenyo mikromita 10 hivi, hiyo ni zaidi ya wati milioni 100 kwa kila sentimita ya mraba. Na pigo lenyewe, ukilipima urefu ndani ya kioo, ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Sehemu hiyo ya kumi ya milimita inakimbia peke yake kwenye mita kumi za faiba.

Kuna jambo ambalo makala nyingi za kwenye simu huliruka. Utando wa grafini haulifikishi pigo kwenye ufupi wake wa mwisho. Unalianzisha na kulilinda. Ufupi unamaliziwa na faiba yenyewe. Kwenye nanomita 1550 faiba ya kawaida inauchelewesha mwanga wa mawimbi marefu kuliko wa mawimbi mafupi, kwa hiyo pigo lilitakiwa litawanyike njiani. Lakini kilele cha pigo kinabadilisha kidogo kasi ya mwanga ndani ya kioo, na mabadiliko hayo yanavuta upande wa pili. Nguvu hizo mbili zikilingana, pigo linashika umbo na kulitunza. Linaitwa solitoni. Ukilitazama kwenye kichanganuzi cha spektra, kifaa kinachoonyesha rangi zilizomo kwenye mwanga, utaona kilima kimoja laini, na kila upande wake vijipembe vyembamba vilivyojipanga. Nikiviona vijipembe hivyo najua solitoni imekaa.

Fundi, hofu yako ina msingi. Vumbi linaunguza konekta kwa sababu ni nene, linageuza mwanga wote kuwa joto mahali pamoja. Sisi tunaweka utando wa plastiki uliochanganywa na vipande vya grafini vyembamba, tena ndani ya mzunguko ambako wastani wa nguvu ni mdogo. Hata hivyo ukizidisha pampu unaungua vilevile, na shimo lake ukilitazama kwa darubini yako utadhani ni lile lile ulilokwisha kuliona. Ndiyo maana wengine hawauweki njiani kabisa: wanasugua faiba ubavuni mpaka karibu na kiini, au wanaivuta iwe nyembamba, halafu wanapaka grafini pembeni. Mwanga unaigusa kwa kingo zake tu, na joto linasambaa kwenye urefu mkubwa zaidi.

Msomi_wa_Lindi:

Dada asante, nimesoma mara mbili. Mimi niko Lindi mjini, nasoma fizikia mwaka wa tatu, niko nyumbani likizo. Nimekutana na makala za leza hizi zinazotumia vitu vingine badala ya grafini: salfaidi ya molibdenamu, fosforasi nyeusi, telluraidi ya bismathi, na hivi vipya vya kabaidi za metali. Kila makala inasema kitu chake ndicho bora. Grafini imeshapitwa? Na mtu anachaguaje?

Mmikindani:

Mdogo wangu, hapo umegusa jambo linalonikera na ninalolipenda kwa wakati mmoja.

Kwanza ujue grafini haikuwa ya kwanza. Mwaka 1992 Ursula Keller alitengeneza kioo cha kuakisi mwanga, cha semikondakta, kinachoshiba vilevile, na mpaka leo leza nyingi za biashara zinakitumia, maana kinatabirika na kinadumu. Kasoro yake ni kwamba kinafanya kazi kwenye upana mdogo wa rangi, na utengenezaji wake unataka mitambo mikubwa. Baadaye Japani wakaleta mirija midogo ya kaboni. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliibandua grafini kwa utepe wa gundi pale Manchester, matokeo yakatoka 2004, Nobel wakaipata 2010. Na mwaka 2009 watafiti wa Singapore na wa Cambridge wakaiingiza kwenye leza za faiba zenye erbiamu. Grafini haina pengo la nishati, yaani kiwango cha chini ambacho fotoni lazima ikifikishe ndipo imezwe, kwa hiyo inafaa kwa leza za faiba yenye iterbiamu karibu na nanomita 1050, yenye erbiamu, na yenye thuliamu karibu na 2000. Sifa hiyo peke yake inatosha kuifanya isipitwe.

Salfaidi ya molibdenamu ikiwa tabaka moja ina pengo la elektroni-volti 1.8 hivi. Fotoni ya 1550 ina 0.8. Kwa hesabu ya darasani haipaswi kumezwa. Lakini makala zipo nyingi zinazoonyesha leza za 1550 zinazotoa mapigo kwa kutumia salfaidi hiyo, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kingo za vipande na kasoro za fuwele zinaongeza nafasi katikati ya pengo. Inawezekana. Ila ukisoma makala kama hiyo uliza kasoro hizo zilipimwaje. Fosforasi nyeusi pengo lake linabadilika kwa unene, kuanzia 0.3 ikiwa nene, na hilo ni zuri sana kwa mawimbi marefu. Tatizo lake ni hewa: oksijeni na unyevu vinaila. Wewe uko pwani, unajua chumvi na unyevu wa Lindi vinavyokula bati. Bila kuifunika vizuri haitakaa.

Sasa linalonikera. Kwenye mzunguko wa faiba huwa tunaweka kidhibiti cha polaraizesheni (mwelekeo ambao wimbi la mwanga linatikisikia), zile pete tatu unazozigeuza kwa mkono. Faiba yenyewe, pigo likiwa kali, inaizungusha polaraizesheni kulingana na ukali. Ikikutana na kifaa chochote kinachopendelea polaraizesheni moja, hata kidogo tu, mzunguko mzima unakuwa kifyonzaji kinachoshiba bila kuwekewa kitu chochote. Kwa hiyo mtu anaweza kuweka utando wa kitu kipya, akageuza pete mpaka mapigo yakatokea, akaandika makala kwamba kitu kipya kimefanya kazi, kumbe mapigo yameletwa na pete.

Kuna jaribio la kuondoa shaka, na mimi bila jaribio hilo siamini matokeo ya mtu yeyote. Ondoa utando wenye grafini, weka utando wa plastiki ile ile usio na kitu, uachie upotevu ule ule, kisha geuza pete kwa subira mpaka uwe umezunguka nafasi zote, pampu ikiwa chini na ikiwa juu. Mapigo yakitokea, grafini yako haijathibitishwa. Yasipotokea, na ukirudisha grafini yanarudi yenyewe kila unapowasha, hapo una la kusema. Na usiridhike na oskiloskopu, kile kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini. Oskiloskopu itakuonyesha msururu wa mapigo milioni 20 kwa sekunde, lakini femtosekunde haizioni kabisa. Unahitaji kifaa kinachogawa pigo mara mbili na kulipima kwa nakala yake lenyewe. Ukiona mapigo ya mikrosekunde yanayokuja kwa makumi ya maelfu kwa sekunde, hayo si yale tunayoyatafuta. Ni leza inahema tu, nishati inajikusanya na kutoka kwa mkupuo.

Kuhusu kuchagua, usianze na jina la kitu. Anza na leza unayoitaka: rangi gani, nguvu kiasi gani, inatakiwa idumu muda gani. Kwa mtu anayejifunza, kwenye 1550, mimi ningemwambia aanze na grafini au mirija ya kaboni, aijue faiba yake vizuri, ndipo agombanie vitu vipya.

Mwalimu_Ruangwa:

Marahaba dada, Mungu akuzidishie. Nimeyanakili kwenye daftari la maandalio. Bado la kinywe chetu na la mzazi. Na je, shuleni tunaweza kufanya nini? Hatuna leza wala mashine. Tuna hadubini ya baiolojia, mizani, na umeme wa kubahatisha.

Mmikindani:

Kinywe cha Ruangwa kinafaa kabisa kuwa mwanzo. Huko Nachu na Chilalo kinatoka cha magamba, na gamba pana ndilo linalobanduka vizuri. Grafini ya kwanza kabisa ilitokana na kinywe na utepe wa gundi, hakuna muujiza zaidi ya hapo.

Kuhusu soko, mwambie mzazi ukweli wote. Gramu moja ya grafini ikitandazwa tabaka moja moja inafunika karibu mita za mraba 1,300. Gramu sita zingelifunika eneo lote la kuchezea la uwanja wa mpira wa Majaliwa pale Ruangwa, na zingebaki. Leza moja inatumia utando wa milimita chache, na sehemu inayofanya kazi ni ile mikromita 10 ya katikati. Leza zote za dunia haziwezi kununua tani ya kinywe. Wanunuzi wa tani ni watengenezaji wa betri za lithiamu na wa matofali ya tanuru. Leza inanunua ujuzi wa kukibandua, na huo kijana wako anaweza kuanza kuupata hapo hapo darasani.

Fanyeni hivi. Bandikeni gamba kwenye utepe wa gundi unaoonyesha, mkunje na kuubandua mara nyingi, kisha mtazame kwa hadubini mkiwasha mwanga kutoka chini. Mtaona vipande vyeusi, vya kijivu, na vingine ambavyo kijivu chake ni hafifu mno. Tabaka moja hamtaliona kwa njia hiyo, lakini hatua za kijivu ndizo ile hesabu ya 0.977 mbele ya macho yenu.

Njia ya pili ni ya maji. Mwaka 2014 timu ya Jonathan Coleman ya Dublin ilionyesha kwamba kinywe kikisagwa kwenye maji yenye sabuni ya vyombo kwa blenda ya jikoni, vipande vyembamba vya grafini vinapatikana. Sisi maabara tunatumia chumvi ya nyongo badala ya sabuni, na beseni la mitetemo badala ya blenda. Acheni mchanganyiko utulie hadi kesho yake, vizito vizame, mchote juu tu. Hapo juu panabaki maji ya kijivu yasiyotua. Ukiyachanganya na plastiki ya PVA iliyoyeyushwa kwenye maji, ukamwaga kwenye sahani bapa na kuacha ikauke taratibu, unapata utando wa aina ile ile tunayoikata na kuibana kati ya konekta mbili. Angalizo moja: PVA inavuta unyevu. Kwetu Mikindani masika utando kama huo unalegea, kwa hiyo uhifadhini kwenye chupa yenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Fundi_Faiba_Mtwara:

Dada umenitoa hofu. Mwalimu, mimi nina vipande vya faiba na konekta zilizokatwa ambazo hazina kazi tena, na darubini ya kuangalia konekta naweza kuja nayo nikipata safari ya Ruangwa. Vijana wakate utando wao, tuubane kati ya konekta mbili, tupime upotevu kwa chanzo changu cha 1550 na mita yangu. Mapigo hatutayaona, lakini utando unakula desibeli (kipimo cha upotevu wa mwanga) ngapi tutajua.

Mmikindani:

Fundi, hilo ni jambo kubwa, fanyeni. Pimeni kwanza konekta mbili tupu, halafu utando wa PVA mtupu, halafu wenye kinywe. Tofauti ya mbili za mwisho ndiyo ya kinywe. Wenye kinywe ukizidi utando mtupu kwa desibeli moja au mbili mmefanya vizuri. Ukizidi kwa kumi, vipande ni vinene, rudieni kuacha vitue. Na ulijue hili la macho, fundi unalijua lakini vijana hawalijui: 1550 na 980 hazionekani. Mtu asichungulie konekta iliyo hai, hata kama chanzo ni kidogo, na darubini isiguse laini yoyote iliyowashwa.

Mwalimu_Ruangwa:

Fundi karibu sana, nakutumia ujumbe wa faragha tupange tarehe. Dada, swali moja la mwisho. Mawe yetu yana punje nyeupe ndani yake, nadhani ni kwazi. Kinywe tunakitenganishaje kabla ya blenda?

Mmikindani:

Twangeni kidogo kidogo, msisage kuwa unga, maana mtayavunja magamba. Wekeni kwenye chupa ya maji, dondosheni matone machache ya mafuta ya taa na sabuni kidogo, tikiseni kwa nguvu mpaka povu lijae. Kinywe hakipendi maji, kitashikana na mafuta na kupanda na povu. Kwazi itazama. Viwanda vya kinywe vinatumia kanuni hiyo hiyo. Choteni povu, suuzeni kwa maji ya moto yenye sabuni, halafu kwa spiriti ili mafuta ya taa yatoke yote, kausheni kivulini. Spiriti na mafuta ya taa mviweke mbali na moto. Mafuta yakibaki, utando wa PVA utatoka na matundu, na fundi atasafiri kuja kupima matundu.